Moshi wa Mteja wa Kwanza

Savannakhet,
Mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yetu, siku ya kumi

Dada yangu mpenzi Nhan,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto wote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako linavumilia baridi na manyunyu ya Dong Ha. Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha. Nakula, nalala, nafungua duka, nafunga duka. Maisha yangu yote ya huku yamo katika maneno hayo, lakini nakujua, hutatosheka nayo. Basi mimina chai, ukae vizuri, maana leo nina mengi.

Kwanza asante kwa mzigo. Dereva wa basi ameufikisha salama: samaki wakavu, mbegu za tikiti za kutafuna siku ya Tet, mwaka mpya wetu, na kofia yangu ya majani. Umeandika kwamba umenitunzia miaka miwili kofia hiyo niliyoisahau kibandani kwako, na kwamba tangu utoto mimi ni mtu wa kusahau vitu. Nimeitundika juu ya mlango. Habari ya kofia nitairudia.

Pili ni hicho kibanda. Unasema jirani yako anahamia Saigon kwa mwanawe, kibanda chake ubavuni mwa chako kitakuwa wazi, na wenye soko wanataka jibu kabla ya siku ya kumsindikiza Mungu wa Jikoni, wiki moja kabla ya Tet. Unasema nirudi nyumbani tuuze vitambaa pamoja, na nikikataa utampa mke wa binamu yetu Quy. Tena umeniuliza, kwa ukali wako ule ule, nchi hii ina nini hata niing'ang'anie, nikueleze biashara ya huku na ya kwetu inatofautianaje, nisikufiche. Haya, sikufichi.

Unakumbuka uliponisindikiza kituoni? Uliniambia Walao ni watu wa kulala, na Mvietnam mwenye macho mawili akifungua duka kwao atatajirika kabla hajaota mvi. Nikaja na lori la sufuria. Sufuria safi za kwetu, pana, mifuniko inabana. Hakuna aliyeniambia, wala wewe mwenye akili zote hukuwaza, kwamba hawa watu hawachemshi wali! Wao hula wali wa kunata, wanaupika kwa mvuke ndani ya kikapu cha mwanzi kilichokalia chungu chenye shingo nyembamba. Walikuja wakazigonga sufuria zangu kwa vidole, wakazisifu, wakauliza ni za kazi gani. Mmoja alinunua ya kunyweshea bata.

Kwetu soko linaamka kabla ya jogoo, watu wanapigana vikumbo na mizigo kichwani. Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Hapa asubuhi ni ya watawa wa Kibudha wanaopita na mabakuli. Wanawake wanapiga magoti barabarani kuwapa wali, kisha wanarudi kula, kisha wanapiga soga, kisha wanakumbuka kwamba wana duka. Mwezi wa kwanza nilikuwa nafungua gizani, najiona mjanja. Nilikaa peke yangu na taa yangu kama mlinzi wa makaburi.

Halafu bei. Kwetu mteja akitaja nusu, unapiga yowe kwamba anataka kuwaua wanao, mnatukanana vizuri, mwishowe anachukua na mnaulizana habari za nyumbani. Nikafanya hivyo hapa. Msichana mmoja alitaja bei ya chini kidogo tu, nami nikamwambia kwa Kilao changu kibovu kwamba anataka nife njaa. Akanitazama kwa huruma, akaniomba radhi, akaenda zake. Kesho yake akaniletea wali na samaki wa kuchoma, kwa sababu amesikia nina njaa! Dada, nilikula ule wali huku nimeinamisha uso nyuma ya sufuria.

Kip, fedha yao, inaporomoka kila mwezi, hata wenyewe hawaitaki. Mwenye akiba ananunua dhahabu, au anaficha baht za Thailand. Ukimwonyesha mtu kitu, swali la kwanza ni kama kimetoka ng'ambo ya mto kwa Wathai. Ukisema ni cha Vietnam, wanakuuliza basi kwa nini si rahisi zaidi. Lakini jambo lililonishinda kuelewa si hilo. Kwetu mtu akipata faida anawaza kibanda cha pili. Hapa akipata ya kumtosha siku hiyo anafunga saa nane mchana, anakwenda kupika. Pakiwa na harusi, upande mzima wa soko unafungwa. Mara ya kwanza nilibaki wazi mimi tu, nikisema leo wateja wote ni wangu. Wateja wote walikuwa harusini. Nilisikia ngoma kutoka nilipokaa, na hakuna hata mbwa aliyepita.

Faida ipo, sikatai. Sasa nauza vyungu vyao vya shingo na vikapu vyake, na sufuria zangu zinanunuliwa na wenye vibanda vya supu. Kisichokuwepo ni mtu wa kula naye. Nakuambia wazi, maana kwenye simu ya posta na foleni nyuma yangu siwezi: nina upweke, Dada. Mwanzoni kuna siku niliisikia sauti yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza saa tano, mteja alipouliza bei. Napika wali wa kikombe kimoja, na kikombe kimoja hakitoi ukoko. Sisi tuliokuwa tukigombania ukoko mpaka mama anatupiga kwa mwiko! Juzi nilipika vikombe vinne makusudi ili nipate ukoko, nikaumwaga wali mwingine kwa bata wa jirani. Ukoko wenyewe haukuwa na ladha, hakuna wa kunyang'anyana naye.

Sasa nikueleze habari ya Mama Bouavanh, maana jibu lako limo humo.

Huyu ni jirani yangu sokoni, mjane wa miaka sitini na kitu, mnene, mcheshi, meno ya pembeni hana. Anauza vyungu na vikapu, vile vile ninavyouza mimi. Kwetu jirani anayeuza bidhaa moja na wewe ni adui uliyepangiwa na mbingu. Huyu, akiishiwa na kikapu cha saizi fulani, anamshika mteja mkono na kumleta kwangu. Mwanzoni nilidhani ni mtego.

Na ana tabia moja. Kila asubuhi, kabla sijauza hata kijiko, anaingia dukani kwangu. Anashika hiki, anageuza kile, anauliza bei ya chungu anachojua bei yake kuliko mimi, anakaa juu ya beseni langu lililopinduliwa, anaguna, anasema leo kuna joto, anaondoka. Hanunui kitu! Dada, wewe ni mfanyabiashara, hebu niambie. Mtu wa kwanza kuvuka mlango, mjane, mikono mitupu, kila siku ya Mungu. Nilivumilia wiki kadhaa. Siku wateja walipopungua nikajua nuksi imetoka wapi.

Basi nikafanya tunavyofanya kwetu kuifukuza. Alipotoka tu nikakunja kipande cha gazeti, nikawasha kiberiti, nikapitisha moto juu ya vyungu na vikapu na lile beseni alilokalia, nikinong'ona heri ibaki, shari iondoke. Siku hiyo nikauza. Kesho yake nikachoma tena. Ikawa ndiyo kazi yangu ya asubuhi, yeye anatoka, mimi nawasha.

Mpaka siku moja akarudi ghafla. Alikuwa amesahau mwavuli wake. Akanikuta nimeinama juu ya beseni, moto mkononi, midomo inacheza. Tukatazamana. Kwa nini kutazamana huko kulinikata, nitakuambia mwishoni. Akauliza ninafanya nini. Nami, ulimi ukateleza wenyewe, nikasema ni desturi ya kwetu. Mgeni wa heshima akikutembelea, unachoma karatasi nyuma yake kumwombea baraka.

Uso wake uling'aa. Akasema kumbe, miezi yote hiyo mwanangu unanibariki na mimi sijui! Akachukua mwavuli wake, akaenda. Nikadhani yamekwisha.

Thubutu! Kesho yake alikuja na mwuza mboga. Keshokutwa na wauza samaki wawili na mke wa fundi baiskeli. Wanaingia mmoja mmoja, wanashika chungu kwa adabu, wanatoka, wanasimama nje kusubiri moshi. Yule wa samaki akawa mkali, ati karatasi yake ilikuwa ndogo kuliko ya mwenzake. Mwingine akauliza kama naweza kumchomea na mumewe aliyelala nyumbani, mzembe yule hawezi kuja mwenyewe. Mimi nachoma magazeti, macho yananiwasha, sauti imenikauka kwa kuitikia salamu. Hawanunui, lakini wanakaa. Wanaulizana habari, wananifundisha matusi ya Kilao, wananicheka ninavyoyatamka. Mmoja anabandika birika. Ukipita kwangu saa moja asubuhi utadhani kuna msiba au kuna harusi. Na kila nilipowasha kiberiti nilijiona mwizi.

Mwezi uliopita Latsamy, binti mdogo wa Mama Bouavanh, alipata kazi ya kiwandani kwa Wathai, kushona viatu. Huku kila nyumba ina mtoto aliyevuka mto, kama kwetu kila nyumba ilivyo na mtoto Saigon. Asubuhi ya kuondoka, kabla ya feri, mama yake akamleta kwangu. Binti ana begi, ana nyuzi nyeupe za baraka mikononi mpaka kwenye kiwiko, macho yamevimba. Mama Bouavanh akasema, haya mwanangu, mpitishe dukani, akitoka umchomee karatasi kubwa kuliko zote, huyu ndiye wa mwisho niliyebaki naye.

Binti akaingia. Akashika chungu, akakirudisha. Akatoka. Nami nikasimama na gazeti mkono mmoja na kiberiti mkono mwingine, na mkono ukakataa. Ningemwashia vipi mtoto wa watu moshi wa kumfukuza, siku anayoiacha nyumba yao? Nikaanza kulia pale pale mbele ya wauza samaki. Nikamwita Mama Bouavanh ndani, nikamwambia yote kwa Kilao changu cha kuokoteza. Kwamba si baraka. Kwamba tunamchomea mtu mwenye nuksi. Kwamba nilikuwa namfukuza yeye, kila asubuhi, tangu mwanzo.

Dada, yule mama alicheka. Alicheka mpaka akajiangusha juu ya beseni, mpaka beseni likabonyea. Akaniambia, wewe mtoto, mimi nimezaliwa nyuma ya pagoda ya Wavietnam hapa hapa Savan. Nimechomewa karatasi na nyanya zenu kabla wewe hujazaliwa. Nilijua tangu siku ya kwanza.

Nikamwuliza, sasa ikiwa ulijua, kwa nini ulikuwa unakuja?

Akapangusa machozi ya kicheko, akasema, "Niliona huna hata mtu wa kumfukuza."

Nikakaa sakafuni kando ya beseni.

Akaongeza kwamba wenzake hawajui, wao wanadhani ni baraka kweli, na kwa kuwa wanadhani hivyo basi ni baraka, nisije nikathubutu kuwaharibia. Kisha akasimama, akanirudishia kiberiti mkononi. Akasema feri haisubiri, mchomee mtoto. Mikosi ni mikosi, inafukuzwa na moshi, haiulizi kama aliyewasha alikuwa anapenda au anachukia. Nikawasha. Nilichoma gazeti zima, kurasa zote, na nilinong'ona yale maneno kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii niliyamaanisha. Latsamy akapanda feri. Mama yake alikaa dukani kwangu siku ile mpaka jua likazama, na wala hakusema kuna joto.

Sasa kofia, Dada.

Unaandika kwamba niliisahau. Ni kweli niliisahau. Ilikuwa miezi mitatu baada ya kumzika mume wangu Thinh. Sikuwa nimelala, nyumba ilikuwa inanizomea, nikasema niende kwa dada yangu nikanywe chai. Nilifika mapema, hujauza bado. Ulinimiminia. Nilikaa kwenye kile kigoda chako cha buluu, tukazungumza mambo ya vitambaa, ukaniambia nile, nimekonda. Nikaaga. Nilipofika kwa wauza maua nikagundua kichwa kiko wazi, nikarudi kuchukua kofia.

Nilikuona. Ulikuwa umeinama, karatasi inawaka mkononi, unaipitisha juu ya vitambaa, halafu juu ya kile kigoda. Chini ya kigoda, halafu juu tena. Hukuniona. Kofia yangu ilikuwa pembeni, imening'inia kwenye msumari.

Sikuingia. Nilirudi nyumbani jua linanipiga utosini. Wiki ya pili nilikuambia nataka kwenda Laos kuuza sufuria, nawe ukafurahi, ukasema nina akili ya biashara. Sikwenda kutafuta mali, Dada Nhan. Nilikwenda kwa sababu nilijiona nimekuwa nuksi hata kwa ndugu wa tumbo moja, na nikaona heri niwe mgeni kwa wageni kuliko kuwa mgeni kwako. Miaka miwili nimekuandikia sijambo, sijambo, na kila barua nilikuwa nimekukasirikia. Niliwahi kuapa nisingekusamehe.

Halafu siku ile ya mwavuli nikajiona, nimeinama vile vile kama wewe, kana kwamba mkono ule ni wako. Na sikuwa namchukia yule mama! Nilikuwa naogopa tu. Naogopa kodi, naogopa siku kupita bila kuuza, naogopa kilichonipata kisinirudie. Nikajua hata wewe uliogopa. Una watoto wanne na shemeji mgonjwa, ungefanyaje? Lakini ilinikata, Dada. Sitakudanganya kwamba haikunikata.

Basi jibu langu ni hili. Kibanda mpe mke wa Quy, na umfundishe kupima kitambaa, maana mkono wake ni mrefu. Mimi nabaki huku. Si kwa sababu ya faida, wala si kwa sababu nimekuwa Mlao. Bado nafungua mapema kuliko wote, na bado naona ni wavivu. Nabaki kwa sababu hapa kuna mtu anayeingia dukani kwangu kila siku bila kununua kitu, na siku asipokuja naenda kumtazama.

Na asubuhi ya Tet, wa kwanza kuvuka kizingiti changu atakuwa Mama Bouavanh. Nimekwisha kumwomba. Najua utapiga yowe: mjane! Mwaka mzima utaharibika! Nilimweleza na yeye, nikamwambia kwetu mtu huchagua kijana mwenye mke na watoto na mifuko iliyojaa. Akaniuliza kama ni lazima anunue kitu. Nikamwambia aje tu, nitapika vikombe vinne. Akasema kama kuna ukoko, yeye meno hana ila ataumung'unya.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa anywe na asizitupe dirishani, namjua. Wabusu watoto. Fukizia ubani kwenye kaburi la Thinh kwa niaba yangu, umwambie kikohozi kimepona. Mwaka mpya uwaingilie kwa heri, na kitambaa chenu kitoke chote.

Mwezi wa pili, njia ikikauka, nitapanda basi nije kukuona. Nitafika sokoni mapema, kabla ya mteja wako wa kwanza, nikiwa nimevaa kofia. Nitakaa kwenye kigoda cha buluu, nitakunywa chai yako, na sitanunua kitu. Ukiona ni lazima uchome karatasi, usisubiri nitoke. Choma nikiwa nimekaa. Kiberiti nitakushikia mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Diep